Seva moja ya faili na printa: kila kazi na njia yake

Kabla ya kugusa seva, ipe printa anwani ya IP isiyobadilika. Ingia kwenye rauta, ifungie printa anwani yake kwa kutumia namba ya MAC (kitambulisho cha kadi yake ya mtandao). Ukiiacha ijichagulie, siku umeme ukikatika inaweza kurudi na anwani nyingine, na ofisi nzima itasema printa imekufa kumbe ni nzima.

Seva haihitaji nguvu nyingi. Kompyuta ya zamani yenye Debian (aina ya Linux) na kebo ya mtandao inatosha (waifai hapana): `apt install samba cups`. Samba hushirikisha faili kwenye mtandao, CUPS husimamia printa.

Wengi hupitisha faili na uchapishaji vyote kwenye Samba. Sishauri. Windows itataka draiva (programu ya kuendesha printa) kutoka kwenye seva, na tangu Agosti 2021, baada ya pengo la usalama la PrintNightmare kwenye uchapishaji wa Windows, Microsoft ilizuia mtumiaji wa kawaida kusakinisha draiva za namna hiyo. Kila kompyuta mpya utaitwa ukaandike nenosiri la msimamizi. Samba ibebe faili, CUPS ichape kwa IPP, itifaki ya kuchapa kwenye mtandao (hapa 192.168.1.50 ni printa, 192.168.1.10 ni seva):

`lpadmin -p ofisi -E -v ipp://192.168.1.50/ipp/print -m everywhere`
`cupsctl --share-printers`

Hilo `everywhere` linafaa kwa printa zinazokubali AirPrint (njia ya Apple ya kuchapa bila draiva). Za zamani zitafutie draiva yake. Kwenye Windows ongeza printa kwa anwani `http://192.168.1.10:631/printers/ofisi`. Ikiuliza draiva, chagua ya jumla ya PostScript (lugha ya printa), CUPS itageuza yenyewe. Ukichagua nyingine, kazi inaweza kukataliwa au karatasi zikatoka zimejaa herufi za ajabu. Ukitumia jina la seva badala ya IP na ukajibiwa "Bad Request", ongeza `ServerAlias *` kwenye `cupsd.conf`, faili la mipangilio la CUPS. Mlango 631 uwe wazi kwenye ngome (firewall) ya seva, pamoja na 445 wa Samba.

Kosa linalosumbua kuliko yote: mtu anazima printa katikati ya kazi, CUPS inasimamisha foleni, na printa ikiwashwa tena hakuna kinachotoka. `lpstat -p` itaonyesha "disabled". Amri ya `cupsenable ofisi` inaifungua. Ili isijirudie: `lpadmin -p ofisi -o printer-error-policy=retry-job`.

Kwa faili, tengeneza `/srv/pamoja`, iwe mali ya kundi la wafanyakazi, kisha `chmod 2770`. Ile 2 ya mwanzo ndiyo inayofanya kila faili jipya lirithi kundi la folda. Bila hiyo, mmoja akihifadhi hati mwenzake hawezi kuifungua. Kwenye `smb.conf`, faili la mipangilio la Samba, weka `create mask = 0660` na `directory mask = 2770`, kagua kwa `testparm`. Nenosiri la Linux si la Samba: kila mtu asajiliwe kwa `smbpasswd -a`.

Skana ya zamani ikishindwa kutuma skani kwenye folda, huenda inajua SMB1 tu (toleo la kwanza la itifaki ya kushirikisha faili), ambayo Samba imeizima kwa chaguo-msingi tangu toleo 4.11 la 2019. Usiirudishe kwa ajili ya skana moja. Itume kwa FTP au barua pepe.

Jambo ambalo wachache hulijua: CUPS hutunza kwa siku nzima nakala ya kila hati iliyochapwa, ndani ya `/var/spool/cups`, orodha ya mishahara ikiwemo. Andika `PreserveJobFiles No` kwenye `cupsd.conf`, kisha `systemctl restart cups`.