Chumba cha shangazi Magomeni

Mwaka wa pili nasoma usanifu wa ndani pale Chuo Kikuu Ardhi, Dar, tulipewa projekti moja ya muhula mzima: chagua nafasi ndogo inayotumika kila siku, ipime, ipange upya, alafu uje uitetee mbele ya juri, yaani walimu na wageni wanaokagua kazi. Wengi darasani walikimbilia mapokezi ya hoteli, saluni na kafe, na siwalaumu hata kidogo maana ukishakuwa na picha nzuri ya lobi yenye siling ya jipsam na taa zake kwenye potfolio, unaonekana kama umeshapata ajira. Mi nikachagua chumba anachopanga shangazi yangu Magomeni. Nilikitaka sana chumba kile, nimekulia vyumba vya namna hiyo na sikuwahi kuona mtu amekaa chini akakichora kwa heshima.

Nyumba yenyewe ni ile ya Kiswahili, ukumbi unapita katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, nyuma uani kwenye jiko na choo cha wote, na kila chumba ni familia. Nikachukua daladala mpaka Ubungo, basi la mwendokasi mpaka Magomeni Mapipa, na tepu yangu na skechibuku kwenye begi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, karibu. Sasa unakuja kupima nini humu, mbona hamna kitu?"

Hamna kitu! Futi kumi kwa kumi, na ndani kuna kitanda cha tano kwa sita, kochi la watu wawili, kabati la nguo, kabati la vyombo, friji dogo, TV, ndoo za maji, mtungi wa gesi wa kilo sita, na pazia linalokatiza ili wajukuu wakilala chini bibi naye apate faragha. Nikaanza kupima. Ukuta kwa ukuta sm 305, toa kitanda sm 152, toa kochi sm 85, inabaki 68. Mtu mmoja anahitaji kama sm 60 kupita wima, kwahiyo anapita, lakini ukiweka stuli ya chai hapo katikati basi anayetaka kutoka nje inabidi wote msimame.

Kilichonisumbua zaidi ni joto. Dirisha lipo moja tu, linaangalia uchochoro, na kabati la nguo limeliziba zaidi ya nusu. Joto la Dar la mwezi wa tatu unalijua, feni inazungusha moto tu. Darasani tumefundishwa hewa iingie huku itokee kule, na hapa mlango wa ukumbini upo mkabala kabisa na dirisha, yaani chumba kilikuwa kinaomba upepo. Nikamuuliza shangazi kwanini kabati likae pale.

"Wanavua, mwanangu."

Usiku watu wanapita uchochoroni na mti mrefu wenye ndoano mbele, wanaupenyeza kwenye nondo za dirisha, wanavuta nguo, simu, pochi, hata shuka ulilojifunika. Yeye walishamvulia kanga mpya na simu ya mjukuu wake. Ndo akavuta kabati.

Hapo nikaacha kupima kwanza, nikaanza kuuliza kitu kimoja kimoja. Friji liko mlangoni kwasababu anauza barafu na hataki wateja waingie mpaka kitandani, na soketi yenyewe ndo hiyo hiyo moja. Ndoo ziko chini ya pazia kwasababu mgao wa maji ukija anazitoa haraka kwenda uani. Kochi halipendi, liko chini mno, sm 38, magoti yanamuuma akinyanyuka. Yaani chumba kilikuwa kimeshapangwa na mtu anayekijua kuliko mimi nitakavyowahi kukijua, kazi yangu ilikuwa kumpunguzia joto na maumivu bila kumharibia biashara wala kumrudishia wezi.

Nikaenda Keko kwa mafundi seremala na mchoro wa kitu nilichokuwa nakiwaza, fremu ya fito zilizopishana kama zile za roshani za Zanzibar, matundu ya sm 2, nyuma yake wavu wa mbu, inafungwa kwa ndani na bawaba na komeo, upepo unaingia ila ndoano na nguo hazipiti. Nilikuwa nimeandika mbao ya mninga. Fundi akaniambia dada, mninga kwa dirisha la kupanga ni hela nyingi, chukua paini iliyotiwa dawa upake rangi, na tusipigilie misumari maana fito nyembamba zitapasuka, tukate kila fito nusu ya unene pale zinapopishana ili zikaliane. Nikachora upya kwa maneno yake.

Siku ya juri maketi yangu, yaani mfano mdogo wa chumba kwa kipimo cha moja kwa ishirini, ilikuwa kiboksi cha sm 15 kila upande, imekaa jirani na lobi ya mwenzangu yenye taa ndogo zinazowaka kabisa. Mgeni mmoja toka ofisi ya wasanifu akaangalia, akasema dada kazi safi, lakini huyu mteja atakulipa nini? Nikamjibu watu hawa wananunua vitanda na makabati Keko kila siku, wanalipa kwa kudunduliza lakini wanalipa, ambacho hawapati ni mtu wa kuwapimia chumba kabla kabati halijatengenezwa. Akatikisa kichwa. Mwalimu mmoja akamwambia hapana, ebu mwache aeleze upepo, wakaanza kubishana wao kwa wao na mi nimesimama na rula mkononi, najisikia vizuri ajabu, kwa mara ya kwanza watu wazima wanabishania chumba cha shangazi.

Likizo ile fremu ikatengenezwa, kabati likahamia ukuta wa pili, na kochi likaongezwa miguu mpaka sm 45. Mama wa chumba cha mbele akaja kuchungulia, akasimama dirishani, akaniita, "Binti, na mimi nipimie, nitakupa elfu ishirini." Nikachukua tepu nikamfuata.