Maumivu ya kibofu yasiyoisha, mimi nilivyopata nafuu

Nawaandikia wanawake wenzangu mnaoambiwa UTI kila mara, dozi juu ya dozi na maumivu yako palepale. Mimi nauza mitumba Mlango Mmoja hapa Mwanza, kibofu kikijaa kidogo tu kinauma, nikikojoa kinaachia halafu muda si mrefu tena, nalipia choo mpaka dada anayekusanya hela pale mlangoni akiniona tu anakata tishu. Usiku ndo usiseme.

Mwisho nikamwambia dokta sindano basi, naomba mkojo uoteshwe maabara. Majibu yakaja hakuna bakteria. Akaniuliza mama umekulia wapi, nikamwambia Kwimba, tulikuwa tunaoga kwenye malambo na kupanda mpunga kwenye majaruba, akasema basi tupime kichocho kwanza, maana kichocho cha mkojo kinapatikana zaidi kwenye maji ya huko, hapa ziwani kilichojaa ni kile cha tumbo. Na mkojo wa kipimo hicho unatolewa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ndo muda mayai yanatoka kwa wingi, jamani hii wengi hatuambiwi! Nacho hakikuonekana, sukari iko sawa, ultrasaundi safi, ndo akasema haya ni maumivu sugu ya kibofu.

Chanzo chake hasa hakijajulikana ila yanatupata zaidi wanawake, wengi tunagundulika tukishavuka miaka 30, na mara nyingi unakuta mtu ana historia ya UTI za kujirudia, au lile tumbo la gesi leo kuharisha kesho choo kigumu, au maumivu ya misuli mwili mzima. Mimi hilo tumbo ninalo miaka na sikuwahi kufikiria vina uhusiano. Hauambukizi na sio ugonjwa wa zinaa, nilimwomba dokta amwambie mume wangu mwenyewe, ikaleta amani nyumbani kuliko dawa yoyote.

Baada ya hapo ni daftari. Niliacha kwa pamoja nyanya, ndimu, pilipili, soda, kahawa na chai ya rangi, kisha nikawa narudisha kimoja kimoja naandika kibofu kinasemaje. Kwangu wabaya ni ndimu na kahawa, nyanya kidogo haina shida, wewe inaweza kuwa tofauti kabisa. Sato bila ndimu inataka moyo lakini unazoea. Maji usiache kunywa, mkojo ukiwa mzito unachoma zaidi. Nikibanwa najikaza dakika chache kwanza, naongeza taratibu, na usiku nameza amitriptilini dozi ndogo niliyoandikiwa, inatuliza maumivu na usingizi unakuja.

Siku za kukaribia hedhi bado yanarudi, nakanda na chupa ya maji ya moto, maumivu yanapoa. Ila ukiona damu kwenye mkojo au homa na mgongo unauma usijitibu na daftari, nenda hospitali siku hiyohiyo.