Nyundo zinalia tena Kisumu

Leo nimempelekea mdogo wangu chakula kwenye karakana ya meli hapa Kisumu.

Mnakumbuka palivyokuwa? Meli ya MV Uhuru, ile ya 1966 ya kubeba mabehewa ya treni ziwani, ilikaa miaka na miaka bila kazi. Vijana wetu wakakimbilia Nairobi kutafuta vibarua.

Sasa nyundo unazisikia ukiwa bado barabarani! MV Uhuru II imeundwa papa hapa.

Mdogo wangu akatoka, ovaroli yake imejaa vitundu vidogo vya cheche mikononi. Akanionyesha kimoja kimoja, akinitajia bamba alilokuwa akichomelea. Jamani, nimefurahi hadi machozi.

Kazi zisikatike tu. Hata wavuvi wanahitaji maboti ya chuma.

Nani mzazi wake alifanya kazi hapa enzi za reli? Tusimulieni.