Mjomba Wangu na Masultani wa Kilwa

Mwaka 2015, mwaka mmoja baada ya UNESCO kuyaondoa magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, nilisafiri kutoka Lindi mjini hadi Kilwa Masoko kwa mjomba wangu, ndugu wa mama, aliyevua samaki katika maji yale maisha yake yote bila kushuka kisiwani kwa ajili ya kutazama chochote. Nilimwomba anisindikize. Alikubali kwa shingo upande, akisema mawe hayo anayafahamu tangu utotoni na hayajapata kumjulia hali. Tulichukua kibali katika ofisi ya mambo ya kale, tukapewa kijana mmoja mzaliwa wa kisiwani atutembeze, tukapanda mashua.

Tungali majini, kijana alianza na asili ya ukoo wa masultani. Kwa mujibu wa tarehe ya Kilwa, yaani kitabu cha historia yake, iliyoandikwa katika karne ya 16, Ali bin al-Hasan alitoka Shiraz, mji wa Uajemi, akakikuta kisiwa kikiwa na mtawala wake Mwafrika, akakinunua kwa nguo za kutosha kukizunguka. Kisha, kwa kuwa mtawala yule alihamia bara akikusudia kurudi na jeshi maji yakipwa, Ali akachimba mkondo ili kisiwa kisifikike tena kwa miguu. Mjomba, ambaye hadi hapo alikuwa akiutazama upepo tu, aligeuka.

“Mwanangu, mkondo huu unapitisha meli. Aliuchimba kwa jembe gani, na udongo akautupa wapi?”

“Mzee, ndivyo ilivyoandikwa,” kijana alijibu huku akicheka.

Mimi nilikuwa upande wa mjomba. Waliochimbua kisiwa kitaalamu walikuta, chini ya majengo ya mawe, mabaki ya watu waliovua samaki na kufua chuma pale karne kadhaa kabla ya masultani, na kwa hiyo masimulizi yale ya nguo huyaona kama hati ya shamba iliyoandikwa na mnunuzi peke yake.

Gereza, ngome ya kisiwani, tulilipita haraka. Wareno walijenga ngome yao hapo baada ya kuuteka mji mwaka 1505, lakini sehemu kubwa ya kinachoonekana sasa ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye sana. Kwenye Msikiti Mkuu, ulioanzishwa karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14, mjomba alivua kandambili zake ingawa hakuna aliyemwambia, akazibeba mkononi akipita chini ya matao na kuba za matumbawe na chokaa.

Mahali palipotuweka muda mrefu ni Husuni Kubwa, kasri lililojengwa juu ya genge la bahari na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wa ukoo wa Mahdali, masharifu wenye asili ya Yemen waliowarithi Washirazi katika utawala mwishoni mwa karne ya 13. Jengo lina vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogea lenye pembe nane, na upande wa kusini kuna ua mpana uliozungukwa na vyumba ambavyo, kwa maoni yangu, vinaueleza ukoo huu vizuri kuliko bwawa, maana vilikuwa vya kuwekea bidhaa. Utajiri wenyewe ulitokana na dhahabu iliyoshuka kutoka bara kupitia Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo, ambayo biashara yake Kilwa iliishika, na masultani wakapiga sarafu zao wenyewe za shaba zenye majina yao. Hata hivyo baadhi ya sehemu za kasri hazikukamilika kamwe.

Tukiwa tumeketi ukingoni mwa bwawa, kijana alitusimulia habari aliyoiacha Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kumkuta sultani huyu akiitwa Abu al-Mawahib, yaani mwenye kutoa vipawa vingi. Fakiri kutoka Yemen alimsimamisha akitoka kwenye swala ya Ijumaa na kumwomba nguo alizovaa; sultani akaingia nyumbani kwa khatibu, akabadili, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa 10, na baba, aliposikia watu wanavyomshukuru, akaongeza watumwa 10 wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Alipofariki, ndugu yake Daudi aliyemrithi akawa anawajibu waombaji kwamba aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha kitu.

“Huyo Daudi alikuwa mchoyo sana,” kijana alihitimisha.

“Mchoyo wa nini?” mjomba aliuliza. “Mimi namwona afadhali. Yeye hakugawa watu.”

Kijana alinitazama kana kwamba anataka nimsaidie. Nilimwambia mjomba kwamba Daudi hakuuacha utumwa, alifunga mkono tu, na kwamba pembe na dhahabu vilibebwa na mabega yaleyale wakati wake pia. Alisema hilo analijua. Ndani ya mashua aliirudia hoja yake, safari hii kwa nahodha, akimweleza kwamba wale ishirini walikuwa na wajomba zao, na kwamba hakuna aliyekwenda kuwauliza wajomba hao kama sultani alikuwa mkarimu.