Mtoto wa Mikindani asiyekula korosho

Mtwara hakuna anayeiogopa korosho. Kinachoogopwa ni ganda lake. Waliokulia kwetu wengi wana alama za utotoni: umebangua korosho kwa jiwe, mafuta yamekurukia mkononi, halafu kwa kusahau ukajifuta mdomo. Ngozi inababuka, inabaki nyeusi wiki nzima na zaidi, na wenzako wanakucheka. Ndiyo maana siku mpwa wangu alipovimba midomo, nyumba nzima ilikuwa na jibu kabla hata bodaboda haijafika.

Ilikuwa mwishoni mwa 2018, msimu ule Serikali ilipotangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanajeshi wakapewa kazi ya kuzikusanya. Mama alikuwa amebakiza kidogo za kula nyumbani. Jioni akazikaanga uani kwenye bati lililotobolewa matundu, moto ukapanda, moshi mweusi, watoto wamekaa kando wanangojea. Alizokula mpwa wangu hazikujaza hata kiganja chake, na kiganja chenyewe ni cha mtoto wa miaka minne. Akaanza kujikuna shingo. Akasema ulimi unamwasha. Akatapika. Nilipomgeuza kwenye mwanga wa taa, midomo ilikuwa imetuna, tumbo limejaa mabaka yaliyoinuka, na alikuwa akikohoa kikohozi kikavu ambacho muda mfupi kabla hakikuwepo.

"Mafuta hayo," mama akasema. "Hazikuiva. Mpakeni nazi."

Hatukumpaka. Hospitalini mjini muuguzi hakutaka hadithi ndefu, alimchoma adrenalini pajani, na haukupita muda mtoto akaanza kupumua kama mtu. Walitulaza pale, maana hali ile huweza kurudi saa chache baadaye hata kama mgonjwa anaonekana mzima. Asubuhi daktari akatamka neno mzio, akatushauri tumpeleke Dar es Salaam kwa bingwa.

Kwetu Wamakonde mpwa ni wa mjomba. Dada hakuhitaji kuniomba, alinitazama tu, akasema, "Kaka, unasikia." Nilisikia, lakini hela ya korosho ilikuwa haijaingia kwenye akaunti, na mwaka ule haikuwa na haraka ya kuingia.

Katika kungoja huko dada akaambiwa kuna mtu amefikia gesti moja mjini, anapima mwili mzima kwa kompyuta. Nilimsindikiza. Mtoto alipewa kichuma cha kushika, kimeunganishwa kwa waya, na kwenye kompyuta zikawa zinapita picha za maini na figo za rangirangi. Baada ya dakika chache karatasi ikatoka. Mtoto amekatazwa maziwa, mayai, ngano, nazi, samaki wa bahari, nyanya na vingine ambavyo Mikindani hata havijulikani. Nikaipitia karatasi ile juu mpaka chini natafuta korosho. Haimo! Nikamwuliza yule bwana. Akasema mashine ingekuwa imeona, ingeandika. Halafu akafungua begi la virutubisho na kutaja bei.

Mama aliifuata karatasi ile kwa uaminifu, hilo simlaumu, ilikuwa na muhuri. Sasa mtoto wa pwani umemnyima samaki na nazi, anakula nini? Alikula muhogo na mboga za majani mpaka mashavu yakaisha.

Safari tuliifanya hatimaye kwa mkopo. Basi lilitoka alfajiri, Lindi, Nangurukuru, Ikwiriri, mpaka Mbagala kwa binamu yetu. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuiweka ile karatasi ya kompyuta pembeni bila kuisoma na kuanza kuuliza. Alikula nini siku ile? Kiasi gani? Ilichukua muda gani mpaka kujikuna? Kitu hicho amewahi kukila kabla? Siku nyingine akila samaki inakuwaje? Alichimba karibu nusu saa. Nilianza kuchoka, nikamwambia, "Daktari, tumekuja kupima." Akanijibu, "Mjomba, ndiyo napima."

Kisha akamchora mtoto alama kwa kalamu kwenye mkono, upande wa ndani, akadondosha tone kwa kila alama na kulichoma kijuujuu kwa kisindano. Moja lilikuwa la maji ya chumvi, ambalo halitakiwi kufanya chochote. Lingine la histamini, ambalo linatakiwa kumvimbisha kila mtu. Tukasubiri dakika kumi na tano. Mkono ukabaki laini, hata la histamini limelala.

Akatuuliza upya kuhusu dawa. Mwanzoni tulisema hatumii dawa. Dada akakumbuka: mama alikuwa anampa ya kikohozi kila usiku. Ndani ya dawa ile kulikuwa na kitu cha jamii ya piritoni, dawa ya kutuliza mwasho, na piritoni huzuia ngozi isivimbe, kwa hiyo kipimo kizima hakikuwa na maana. Tulirudishwa Mbagala kukaa bila dawa kama wiki hivi. Binamu hakusema neno, ila mkewe alianza kuuliza bei za nauli za Mtwara.

Mara ya pili histamini ilituna vizuri. Maji ya chumvi kimya. Samaki kimya, yai kimya, maziwa kimya, ngano kimya. Korosho ikapanda uvimbe mweupe wenye kingo zilizotambaa kama amiba ya kitabu cha baiolojia, wekundu umeuzunguka, na mtoto analia anataka kuukuna. Daktari akaweka rula. Akaeleza kwamba milimita tatu zaidi ya tone la chumvi zinatosha kuhesabiwa; huu ulikuwa umezipita mbali. Pistashio nayo ikavimba, kwa kuwa ni ndugu wa korosho. Karanga ikatoa kauvimbe kadogo, nikashtuka. Dada akasema karanga mtoto anakula kila siku. "Basi aendelee," daktari akasema. "Ngozi peke yake haihukumu. Anachokila bila shida msimnyime."

Hapo ndipo nilipomwuliza habari ya mafuta, kwa niaba ya mama. Akanitenganishia. Mafuta ya ganda yanababua ngozi, yangenibabua mimi na yeye. Kinachomdhuru mtoto ni protini ya punje yenyewe, ile nyeupe tunayoila, ambayo mwili wake umeitengenezea kingamwili ya IgE, ile inayoamsha mzio. Ukaange utakavyo, haiondoki. Nikatumia nafasi hiyo kumweleza kwamba mimi maziwa mabichi yananivuruga tumbo, je, na mimi nina mzio? Akacheka. Hiyo ni laktosi, tumbo halina kimeng'enya cha kutosha kuivunja, utajamba lakini hutakufa. Kuna jamaa alikuwa amenishauri nilipie kipimo cha damu cha IgG, kingamwili ya aina nyingine, cha vyakula vingi kwa mpigo. Akasema hicho mara nyingi kinakuonyesha tu vyakula unavyokula.

Tulirudi na barua ya kumpa muuguzi yeyote, imeandikwa kwa herufi kubwa: adrenalini kwanza, msipoteze muda na piritoni. Samaki na nazi vilirudi siku hiyo hiyo. Bati la kukaangia mama alilihamishia kwa jirani, akiendelea kunung'unika kwamba hajawahi kusikia.

Kilichobaki ni mabibo, yale matunda yanayoning'inia na korosho. Mama alinitaka nimpigie daktari simu, akaweka sikio. Daktari akauliza kama mtoto ameshawahi kuyala.

"Daktari, mwanangu," mama akadakia, "mtoto wa huku asile bibo?"

Na hakuwahi kuwashwa wala kuvimba? Hakuwahi. Basi ale, akasema, ila mtu mwingine aing'oe korosho yake kwanza, anawe mikono, ndipo ampe. Mama akaniangalia kwa ushindi. Dada alisimama mlangoni na kusema mwanawe hali bibo hata likishushwa na malaika, na hadi leo ukifika msimu wanagombana hao wawili, mimi natoka naenda zangu barazani.