Kwa Masidi wa India: kutoka Ahmedabad hadi ngome ya Janjira

Wakitajwa Waafrika waliotawanyika duniani, akili za wengi wetu hukimbilia Marekani, Brazili na visiwa vya Karibi. Mimi nilishika njia ya mashariki. Nilitaka kuwaona Masidi wa India, ambao mababu zao walivuka Bahari ya Hindi kutoka Uhabeshi na pwani ya Afrika Mashariki, wengi wao wakiwa watumwa, wengine askari, mabaharia na wafanyabiashara.

Nilianzia Ahmedabad, kwenye msikiti wa Sidi Saiyyed, Mhabeshi aliyefika Gujarat akitokea Yemen. Ulijengwa mwaka 1573, usultani wa Gujarat ukiwa unakata roho mbele ya majeshi ya Akbar, mfalme wa Wamoghuli, dola kubwa ya Kiislamu ya India. Magari yanauzunguka kila upande, honi za bajaji hazikomi, na anayepita mbio haoni cha ajabu. Inabidi uzunguke nyuma. Huko juu kuna madirisha ya mawe yaliyotobolewa kwa ufundi kama kitambaa cha kufuma, na katika lile mashuhuri kuliko yote umechongwa mti ambao matawi yake yanajisokota na mtende hadi hujui lipi limeanzia wapi. Nililikodolea macho mpaka shingo ikauma. Ajabu ni kwamba nafasi ya katikati, ambapo ungetegemea kukuta pambo kubwa kuliko yote, imezibwa kwa mawe matupu.

Kutoka hapo nilipanda treni kwenda kusini, kisha gari hadi Ratanpur, wilaya ya Bharuch. Kilimani kuna kaburi la Bava Gor, walii wa Masidi, na pamoja naye wanakumbukwa ndugu zake Bava Habash na Mai Misra. Wenyeji wanasimulia kwamba yeye ndiye aliyeanzisha biashara ya akiki. Jiwe hilo lilichimbwa maeneo hayo, likachomwa ili rangi yake ikolee wekundu, likatengenezwa shanga huko Khambhat na kupakiwa majahazini. Shanga za akiki zimefukuliwa pwani yetu pia, kwa hiyo njia iliyowaleta watu hawa India ndiyo iliyorudisha mawe yao Afrika.

Wanaozuru si Masidi peke yao. Niliwakuta Wahindu na Waislamu wa kila aina, kila mmoja na haja yake. Mwanamke mmoja mzee wa Kisidi alinitazama usoni, akauliza kwa Kigujarati, na kijana aliyekuwa karibu akanitafsiria: "Bibi anauliza, wewe ni wa ukoo gani hapa?" Nilipojibu kwamba nimetoka Afrika alicheka, akanisogezea mkeka.

Karibu na mlango mtu mmoja alikuwa anapiga malunga, upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu. Anaugonga uzi kwa kijiti, huku kibuyu akikibana tumboni na kukiachia ili sauti ibadilike. Aliyewahi kuona berimbau ya Brazili atadhani ni ndugu pacha. Ngoma zilipoingia, watu walicheza wakiwa wamefumba macho. Ngoma hizohizo sasa huchezwa kwenye matamasha, wachezaji wamevalishwa manyoya ya tausi, nazi zinarushwa hewani na kupasukia kichwani, na watazamaji wanashangilia. Siwalaumu wachezaji, maana riziki ni riziki. Lakini jamii iliyowahi kutoa majemadari kujulikana kwa nazi tu, hilo halinipendezi. Afadhali mwaka 2023 serikali ilimtunuku nishani ya Padma Shri Hirbai Lobi wa kijiji cha Jambur, aliyewaunganisha wanawake wa Kisidi wakajitegemea kiuchumi.

Jemadari niliyemfuata mimi ni Malik Ambar. Alizaliwa Uhabeshi karibu mwaka 1548, akauzwa utotoni, akapitia Baghdad, hatimaye akanunuliwa India na waziri mkuu wa usultani wa Ahmadnagar, ambaye naye alikuwa Mhabeshi aliyewahi kuwa mtumwa. Ambar alipanda hadi akawa yeye mwenye kushika hatamu za dola hiyo. Mwaka 1610 alianzisha mji wa Khadki na kuuvutia maji kwa mifereji ya chini ya ardhi. Mfalme Jahangir wa Wamoghuli alimchukia mno hata ikachorwa picha inayomwonyesha Jahangir akikipiga mshale kichwa cha Ambar kilichotundikwa mkukini. Mchoraji alijitungia tu: Ambar alikufa mwaka 1626 na kichwa chake mabegani.

Kaburi lake liko Khuldabad, jengo zito la mawe lenye kuba, na siku niliyofika halikuwa na foleni. Foleni ilikuwa kwa Aurangzeb, mjukuu wa Jahangir, aliyezikwa katika mji huohuo. Na Khadki ndio uliokuja kuitwa Aurangabad. Nilijikuta nimekasirika kwa niaba ya marehemu.

Janjira ilinipoza hasira. Ngome inasimama baharini, karibu na Murud, na inafikiwa kwa mashua ya tanga kutoka Rajapuri. Mlango wake umejificha. Mashua ilikaribia kuta kabisa ndipo tukauona. Ndani kuna mabwawa ya maji baridi katikati ya bahari ya chumvi, na mzinga wa Kalal Bangdi wenye uzito wa zaidi ya tani 20. Masidi waliitawala ngome hii, na Shivaji, shujaa mkuu wa Wamaratha, watu wa magharibi mwa India, alishindwa kuiteka. Mwanawe Sambhaji alijaribu hata kujenga njia ya mawe kuvuka bahari, naye hakufanikiwa.

Wageni wengi wa siku hiyo walikuwa Wamaratha, kwa hiyo kiongozi wetu aliisimulia habari hiyo kwa tahadhari, akikaa zaidi kwenye ubora wa kuta kuliko kwa waliozilinda. Nikamuuliza kwa nguvu ili wote wasikie: "Kaka, wenyewe walikuwa watu wa wapi?" Akajibu, "Afrika," na kundi zima likanigeukia. Maswali yalianza papo hapo, na kiongozi akalegeza ulimi, akafika hadi mwaka 1948, nawabu (mtawala) wa mwisho alipoiunganisha dola ya Janjira na India.