Santiago hadi Buenos Aires: ramani isikudanganye

Mwezi wa saba nilikuwa Santiago, Chile, na ndege ya kunirudisha nyumbani kupitia Addis Ababa ilikuwa inaondokea Buenos Aires, Argentina. Jamaa mmoja tuliyekuwa naye hosteli akafungua ramani, akapima kwa vidole viwili. "Nchi jirani hizi, ndugu yangu. Panda basi, ulale, ukiamka umefika."

Vidole havikwei milima. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 1,140, lakini kwa barabara inafika 1,400, na safu ya Andes iko katikati. Basi linakula siku nzima hivi, tena njia ikiwa wazi. Na Julai kule ni baridi kali, theluji tupu milimani.

Basi nikapanda. Tulipokaribia mji wa Los Andes, malori yalikuwa yamejipanga pembeni hata mwisho wa foleni huuoni. Dereva akazima injini. Kivuko cha Los Libertadores, kilicho zaidi ya mita 3,000 juu, kimefungwa kwa theluji. Wenyeji hawakushtuka hata kidogo: zikatoka chupa za chai, blanketi, karata. Mama mmoja akanikatia mkate, akaniashiria kwa mikono kwamba leo hakuna, kesho labda. Mimi nina ndege inanisubiri, yeye anachanganya karata! Giza lilipoingia tukageuzwa kurudi Santiago, na nauli nikaisahau.

Hosteli, mshauri wangu hajachoka: "Basi chukua ndege inayoshukia Aeroparque, ni karibu na mjini." Hapa nilitumia akili zangu. Buenos Aires ina viwanja viwili vikubwa: Aeroparque, kando ya mto, na Ezeiza, kilomita thelathini na kitu nje ya mji. Ndege yangu ya Addis ilikuwa Ezeiza. Kwa nini nivuke jiji zima na masanduku kwenye foleni za magari? Nikatafuta tiketi yenye herufi EZE badala ya AEP. Ilizidi bei kidogo, lakini teksi niliyoiepuka ingekula zaidi ya hiyo tofauti.

Tiketi ilisema kuondoka saa nne asubuhi, kufika saa saba mchana. Jamaa akacheka: "Saa tatu! Si ulisema ndege ni haraka?" Safari ni kama saa mbili tu. Majira ya baridi Argentina iko saa moja mbele ya Chile. Kiangazi Chile husogeza saa zake, zikalingana. Anayetoka Buenos Aires ndiye hukaa angani zaidi kidogo, maana upepo wa magharibi unampiga usoni.

Ukitoka Santiago, kiti omba cha dirishani, kushoto. Hali ya hewa ikiwa safi utauona Aconcagua, mita 6,961, na mimi mtu wa Kilimanjaro nilikubali yaishe. Mkanda usiufungue: juu ya Andes ndege hutikisika haswa, na kahawa ngoja uinywe mkishafika upande wa tambarare.

Na kama unaelekea Chile, hilo tunda la njiani limalize kabla ya kushuka au liandike kwenye fomu. Wakaguzi wao wa kilimo wana mbwa wa kunusa, na faini wanatoza kweli.